Ngazi 54, ufa mmoja na milioni 6 za maandalizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 61, nakaa Igogo, huku juu mlimani, Mwanza. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu ni ngazi 54. Nimezihesabu miaka 26, nikiwa na mimba, nikiwa na ndoo kichwani, na sasa nazihesabu kwa magoti. La kushoto limegoma kabisa. Daktari alisema nipunguze kupanda, nikamjibu kwa utani, labda nihame. Siku hiyo wakati narudi nikakaa ngazi ya 30 kupumzika, nikajikuta nawaza lile neno mpaka giza likaingia.

Mzee wangu amekubali tuhame, shingo upande. Tuna kiwanja kidogo Kisesa, tambarare, na mwanetu wa pili ameshaanza msingi. Tunataka kuuza ya Igogo tukamalizie kule. Nyumba ni vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, na kibaraza ambacho ukikaa jioni unaiona bandari ya Mwanza Kusini na ziwa mpaka macho yachoke. Umeme upo, maji ya bomba yapo, choo kimeunganishwa na bomba la majitaka.

Tuna akiba ya milioni 6 ya kuiandaa nyumba, na kila mtu ameshaipangia matumizi.

Kijana wetu wa kwanza yuko Dodoma. Anataka tuweke silingi ya jipsamu yenye taa za rangi, na marumaru sebuleni. Anatutumia picha kila siku. Anasema watu wananunua kwa macho, na kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Mwanza imepanda bei, tukiipendezesha hata milioni 80 tutapata. Fundi amepiga hesabu ya jipsamu na marumaru, imekuja milioni 5 na laki 4.

Dalali naye alikuja, akazunguka, akasema: "Mama, piga skimu ukuta wa nyuma, paka rangi ya kijivu, halafu funga mdomo."

Huo ukuta wa nyuma ndio unaoninyima usingizi. Nyuma ya jiko kuna jiwe kubwa la mlima, tumelikuta. Mvua ikinyesha maji yanateremka juu ya jiwe yanapiga ukuta. Kule chini plasta imevimba, ukiigusa inamwagika kama unga. Na kwenye kona ya dirisha la jiko kuna ufa, unapanda mshazari mpaka karibu na lenta. Kidole hakiingii, ila sarafu ya shilingi mia ukiisimamisha inaingia. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba hii aliijenga mwenyewe, kila likizo, tangu 1994 mpaka tulipohamia 1999. Ukimtajia ufa ananyanyuka anaenda kufungulia redio.

Kuna na njia. Majirani wa juu yetu, kaya nne, hawana pa kushukia pengine. Wanapita ubavuni mwetu, kati ya ukuta na mwembe. Hakuna karatasi, ni mazoea tangu tunahamia. Kijana anasema tuweke geti tufunge kabla mnunuzi hajaja, eneo lionekane lote ni letu.

Na karatasi tulizonazo ni ile ya mauziano ya 1994, imesainiwa na balozi wa nyumba kumi na mashahidi watatu, jina ni la mzee peke yake. Urasimishaji wa makazi ulipopita tulichangia, tukapimwa, bikoni za mipaka ziko, ila hati hatujachukua. Tuliambiwa kuna malipo yamebaki, tukasema tutalipa, miaka ikapita.

Shangazi, nianze na lipi? Na je, ni dhambi kuuza nyumba yenye ufa bila kuutaja?

Mama wa Ngazi, Igogo

* * *

Marahaba, Mama wa Ngazi, ingawa kwa umri wetu tungeamkiana kwa mwangaluka ya Kisukuma tu yakaisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimeona hati umeitaja mwishoni, kama mtu anayekumbuka deni la duka wakati ameshaaga. Mimi naanza nayo, na shilingi ya kwanza ya hizo milioni 6 itoke kwa ajili yake.

Nyumba yenye karatasi ya balozi inauzika, sikatai. Igogo, Mabatini, Kilimahewa, milima yote hiyo watu wameuziana kwa karatasi za namna hiyo miaka nenda rudi. Lakini inauzwa kwa bei ya woga. Mwenye hela siku hizi haji peke yake. Anakuja na shemeji yake anayejua mambo, au wakili, au anategemea mkopo, na benki ukiipelekea karatasi ya balozi inakurudishia kwa adabu. Kwa hiyo anayebaki ni yule anayeangalia karatasi yako, anaguna, anakata robo ya bei. Hiyo robo jipsamu haiwezi kuirudisha.

Ninyi mna bahati, kazi ngumu mlishaifanya. Mmepimwa, bikoni zipo. Chukua nakala ya karatasi ya 1994, vitambulisho vya NIDA vyenu wote wawili, na namba ya kiwanja na kitalu mliyopewa wakati wa urasimishaji, muende ofisi ya ardhi ya Jiji. Waulizeni mambo mawili: faili lenu limefika wapi, na kimebaki nini kulipwa. Mtapewa kontroo namba, mtalipa kwa simu au benki. Asiwepo mtu wa kuwashikia hela mkononi, hata akiwa mtoto wa jirani anayefanya kazi mlango wa pili.

Mkiwa pale angalieni jina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wa rika letu tunapokwama: kwenye karatasi ya balozi mzee ameandikwa jina la ubini wa babu, kwenye NIDA ni jina la ubatizo, kwenye orodha ya wapima kuna herufi imeruka. Likitofautiana, wakili anaandaa kiapo na mambo yanasogea, lakini ni afadhali ligundulike sasa kuliko siku mnunuzi amekaa sebuleni na hela iko benki. Na kwa kuwa hati haijaandikwa, ombeni iandikwe majina yenu wawili. Najua mzee anaweza kuguna. Mwambie hata likibaki lake peke yake, nyumba mnayoishi kama mke na mume haiuziki bila ridhaa yako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, imelisema hilo, na wakili wa mnunuzi ataitafuta saini yako popote ulipo.

Madogo ya karatasi yapite haraka: bili ya maji iwe haina deni, pango la ardhi mkishapata hati lisianze kulala. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023, kwa hiyo mmekuwa mkilipa bila kujua.

Sasa twende nyuma ya jiko.

Mama, una maji, na una ufa, na wewe umeniandikia kama vile ni vitu viwili. Nina wasiwasi ni kimoja. Huko kwetu milimani mtu akijenga, mara nyingi upande mmoja wa msingi unakaa juu ya mwamba na upande wa pili unakaa juu ya kifusi kilichojazwa ili kupata usawa. Mwamba haushuki. Kifusi kinashuka, kidogokidogo, na kikinyonya maji ya mvua kila mwaka kinashuka zaidi. Ukuta uliokaa juu ya hivyo viwili unavutwa, na unapopasukia ni palepale panapokuwa dhaifu, kwenye kona ya dirisha au mlango, kwa mshazari. Ndivyo ulivyoueleza ufa wako.

Sijauona, kwa hiyo sikuapii. Ila kuna kipimo cha bure ambacho unaweza kukifanya leo. Chukua penseli. Pale ufa unapoishia juu, chora mstari mfupi wa kuukata, andika tarehe pembeni. Fanya hivyo na chini. Halafu katikati paka kidonge cha plasta laini, kama unavyoziba tundu la msumari, upana wa vidole viwili, juu ya ufa wenyewe, nacho ukiandikie tarehe. Uache. Mwezi ukiisha, na hasa mvua za vuli zikianza, kaangalie. Kidonge kikiwa kizima na ufa haujavuka mistari, huo ni ufa mzee uliolala, unazibwa na maisha yanaendelea. Kikikatika, bado unatembea, na hapo unamwita mhandisi wa majengo, si fundi wa rangi.

Lakini usingoje majibu ya ufa ndipo ushughulike na maji. Maji anza sasa, kiangazi hiki. Kati ya jiwe na ukuta uchimbwe mtaro, ujengwe kwa mawe na saruji, uwe na mteremko wa kuyatoa maji ubavuni kabla hayajagusa nyumba. Mawe mnayo bure, Mwanza hatununui mawe. Kama bati la upande ule halina gata, liwekewe, na bomba lake limwage kwenye mtaro huohuo. Ile plasta iliyovimba ibomolewe mpaka tofali lionekane, na ukuta uachwe uchi, ukauke.

Uchi, mama. Wiki kadhaa. Hapa ndipo uvumilivu huwa unawashinda watu, na ulinishinda hata mimi. Nilipouza nyumba yangu Nyakato nilikuwa na ukuta kama wako, bafuni. Fundi akaniambia tusubiri, nikamwambia mnunuzi anakuja Jumamosi, paka. Alipaka, ukuta ukawa unang'aa kama sahani. Jumamosi mnunuzi na mkewe wanafika, rangi imetoa mapovu kama chapati iliyopata moto wa ghafla. Yule mke akabonyeza povu moja kwa kidole, taratibu, maji yakatoka. Hakusema neno. Walikunywa soda yangu wakaondoka. Kinachotokea ni kwamba maji yanapanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki, inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma. Ule unga unaomwagika ukigusa ndio huo. Ukipaka skimu juu yake umeifunika miezi mitatu, labda minne.

Ndiyo maana ushauri wa dalali wako siupendi hata kabla hatujafika kwenye dhambi. Ukuta mmoja wa kijivu unaonukia rangi mpya katika nyumba yenye kuta za miaka 26 ni kama bandeji. Mtu yeyote aliyewahi kujenga ataenda moja kwa moja kuugonga kwa kifundo cha kidole.

Dhambi yenyewe waachie mchungaji na shehe. Mimi nakujibu la sheria na la hasara. Sheria ya Mikataba inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Fikiria unarudishiwa nyumba ya Igogo wakati hela yake imeshageuka bati la Kisesa. Useme. Useme mapema, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele ya ufa wenyewe: huu ulikuwepo, tumejenga mtaro huu, tarehe hizi hapa za penseli, haujatembea. Kama mhandisi alikuja, onyesha alichoandika. Mnunuzi aliyeonyeshwa ufa na mwenye nyumba anaacha kutafuta mwingine. Na iandikwe kwenye mkataba kwamba alionyeshwa.

Kuhusu mzee wako. Usimwambie tena nyumba yake ina ufa. Mtu aliyemaliza likizo zake tano akibeba mchanga ngazi 54 hilo neno halimpiti kooni. Mwendee na uji jioni, umuulize: "Hivi baba, msingi wa jikoni uliukalisha juu ya nini, jiwe au kifusi?" Halafu nyamaza. Nina hakika anajua, ataanza kukueleza mpaka idadi ya mifuko ya saruji, na pengine atanyanyuka akakuonyeshe. Mkiwa mmefika pale nyuma, yeye ndiye atakayesema mtaro upite wapi. Mwache asimamie kazi hiyo mwenyewe. Mafundi wa sasa wanahitaji mzee wa kuwasimamia, tena.

Njia ya majirani msiifunge. Kijana wenu anadhani geti litaongeza eneo, litaongeza kesi. Mkiwa ofisi ya ardhi ombeni kuiona ramani ya mipango miji iliyotumika kuwapima, muone kama njia ile imechorwa. Katika urasimishaji njia za miguu huwa zinaachwa, na kama imeachwa basi kile kipande si chenu kukifunga wala kukiuza. Kama haimo, kaeni na hizo kaya nne na mwenyekiti wa mtaa, muandike njia ina upana gani na inapita wapi, msaini. Mnunuzi haogopi njia. Anachoogopa ni kuamka siku ya pili ya kuhamia na kukuta bibi na ndoo yake amesimama dirishani anauliza nani kafunga.

Jipsamu sasa, nisije nikaonekana nimemkwepa mtoto. Milioni 5 na laki 4 kati ya 6, inabaki laki 6 ya kila kitu kingine, pamoja na wakili. Hapana. Atakayenunua ana mke, ana macho yake, na zile taa za rangi huenda zikawa kitu cha kwanza atakachong'oa. Na jipsamu chini ya bati la miaka 26 ambalo hujalikagua ni biskuti juu ya chai. Mwiteni fundi bati apande, abadilishe misumari iliyolegea na mipira yake, na mahali pa kutu pazibwe. Basi. Marumaru nayo, kama sakafu ya saruji haijapasuka, ipigwe deki na kupakwa nta, ing'ae kama tulivyokuwa tunafanya.

Na la daraja, mwambie hivi: limefunguliwa Juni 2025, ni kama kilomita 3 za kuvuka ghuba bila kusubiri kivuko, na ni kweli mtu wa Sengerema au Geita sasa anafika mjini bila kulala Busisi. Lakini akishafika Igogo haoni daraja, anaona ngazi. Bei mtapewa na nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, pia na mthamini aliyesajiliwa kama mtaweza kumlipa. Milioni 80 ya kwenye simu ya Dodoma ni ya kwenye simu ya Dodoma.

Ila kuna jambo moja ambalo wewe mwenyewe umelidharau, nalo ni mlima. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaivuka hata rekodi ya 1964 ambayo wazee walikuwa wanaisimulia, na nyumba nyingi za ufukweni zikaamka maji yako uani. Tangu hapo watu wanauliza maswali ambayo zamani hawakuuliza. Tena sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo aliyeuziwa kiwanja cha kunawa miguu ziwani analala jicho moja. Wewe una ziwa lote la kutazama, na halitakufuata. Choo kiko kwenye bomba la majitaka, na anayeijua milima yetu anajua maana yake. Kuchimba shimo la choo huko ni kugombana na mwamba wiki tatu na mwisho mwamba unashinda. Haya mawili yawe ya kwanza kutajwa kwenye tangazo, kabla ya idadi ya vyumba.

Kwa hiyo ngazi zenyewe zitengenezwe. Zilizolegea zishikwe na saruji, na upande mmoja ziwekewe bomba la chuma la kushikilia, angalau zile za juu, kuanzia hiyo ya 30 ulipokaa. Mnunuzi atapanda ngazi zile akiwa anafanya uamuzi. Akifika juu anahema ila hakuteleza, mkaribishe kwenye kibaraza kwanza, kiti kiwe tayari kimeelekea ziwani, na maji ya kunywa. Aone meli. Ndani ataingia akipoa.

Ndani sina mengi. Rangi ya maji, nyeupe ya maziwa, kuta zote kwa pamoja, baada ya ukuta wa jiko kukauka. Vitambaa vya makochi vipungue, kalenda za miaka iliyopita zishuke, kile kabati cha vyombo vya wageni ambacho nakiona kabisa bila kufika kwako kitangulie Kisesa. Stoo iwe na sakafu inayoonekana. Koki inayodondosha ibadilishwe mpira, swichi iliyoungua ibadilishwe. Ni elfu chache, lakini mtu akiwasha taa ya kwanza isiwake, anaanza kuhesabu. Dagaa usiwaanike juu ya jiwe siku hiyo. Hakuna mtu wa Mwanza anayemkimbia dagaa, mimi mwenyewe nisingekimbia, ila harufu yake na harufu ya ukuta uliokuwa na unyevu zikichanganyika atadhani ni ukuta. Kuku wa mzee wafungiwe. Picha zipigwe asubuhi, jua likiwa limeingia sebuleni, madirisha wazi, na mpige ya kibarazani hata kama hamtapiga nyingine.

Dalali mnaweza kumtumia huyohuyo, hata kama ushauri wake wa ukuta umenikera. Ana watu. Lakini muandikiane: kamisheni yake asilimia ngapi, analipwa lini, na bei mnayotaka ni ipi. Cha juu marufuku. Asipoandikiwa atawaambia ninyi 50 na mnunuzi 58, na mtakuja kulijua hilo siku ya kusaini, mezani, mkiangaliana kama wezi. Hati ikitoka abebe nakala tu. Ile halisi haitoki kwenye kabati lenu mpaka kwa wakili.

Kusaini iwe kwa wakili mliyemchagua wenyewe, na hela ipite benki. Ikitajwa asilimia ya mauzo ya kuwapa serikali ya mtaa, ombeni kuonyeshwa sheria na kupewa stakabadhi, mtaona mazungumzo yanavyobadilika. Na TRA, mamlaka ya mapato, msiwasahau. Faida ya kuuza nyumba inatozwa asilimia 10 na ni lazima ilipwe ndipo uhamisho usajiliwe. Lakini nyumba ambayo mmeimiliki na kuishi wenyewe miaka 3 au zaidi, faida yake isipozidi milioni 15, haitozwi. Yenu inaweza kuzidi. Kwa hiyo mzee akusanye kila stakabadhi aliyonayo, ya bati, ya nondo, ya saruji, ya bomba la majitaka, na hizi mpya za mtaro na ngazi mziongeze. Kila gharama inayokubaliwa inapunguza faida. Mtu aliyefanya kazi reli huwa hatupi karatasi. Angalia chini ya redio.

Mkimaliza hayo akiba ikibaki, ibaki. Kisesa kuna paa la kuezeka.

Na kabla mtu yeyote hajapandishwa kuja kuona, vaa khanga yako, panda taratibu kwa majirani wa juu, nyumba zote nne, uwaambie mnauza na njia yao iko palepale. Wasije wakalisikia kwa dalali.